Kizingiti cha Dhiraa Moja

Nilikuwa nimeshavuka korongo la pili, mzigo mgongoni, na hakuna niliyemuaga, niliposikia jina langu likiitwa kutoka juu ya jabali.

"Mzee Lugendo! Simama basi, mapafu yangu si ya mbuzi!"

Sikusimama. Nimeondoka sehemu nyingi maishani, na anayesimama kwenye teremko la kwanza hulala kule kule alikotoka. Ila Bwana Shekue alikuwa na viatu vya kampuni vyenye soli inayong'ang'ania mwamba, na mimi nilikuwa na makubazi ya tairi na miaka sabini na moja. Akanifikia.

Shekue alikuwa wakala wa kampuni pale mlimani. Kila Jumatatu alitupanga mstari, akagusisha kipimo chake nyuma ya sikio la kila mmoja wetu, akaandika "bado". Huu ulikuwa mwezi wa tano anaandika "bado".

"Unaenda wapi?" akauliza, mikono magotini, anahema.

"Chini."

"Chini wapi?"

"Nikifika nitaangalia."

"Una kibuyu cha kampuni kichwani."

"Basi kitoe, ubaki nacho."

"Unajua sikitoi mpaka kazi iishe."

"Basi na chenyewe kitembee."

Kibuyu ni jina tulilokipa sisi. Jina lake la kiwandani lina herufi na namba, na shule yangu mimi ilikuwa ya vipande vipande: darasa la tatu Kaliua, la tano niliingia kwa uongo huko Mpanda, la nne sijui hata lilifundishwa nini. Kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa. Ni kidude cha chuma, ukubwa wa punje ya haragwe, kinapandikizwa nyuma ya sikio. Mtu akihangaikia jambo kwa miaka, siku anapolifikia kuna kitu kichwani kinalia kama kengele. Kifua kinafunguka, machozi yanamtoka, anamkumbatia hata asiyempenda. Kibuyu kinakaa kimya miaka yote kikiisubiri kengele hiyo, na ikilia tu, kinaifyonza kabla haijasambaa mwilini. Kikishiba kinavimba na kuwa kizito kama risasi. Kinang'olewa, kinapelekwa pwani kwenye maghorofa, na huko mtu ambaye hajawahi kuinua jiwe anakivaa jioni moja, analia kwa furaha ya kujenga daraja.

Wewe uliyejenga unabaki unajua kwamba umemaliza. Unajua kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Kengele ya kazi fupi haina ladha, ndivyo walivyotuambia siku ya kusaini. Inataka miaka, inataka malengelenge. Ndiyo maana mfereji wetu wa maili kumi na nne, kutoka bwawa la juu la Upare mpaka kijiji cha Ngoyoni kule tambarare, ulichongwa kwa patasi na nyundo katika zama ambazo mashine moja ingeumaliza kwa wiki tatu. Kampuni ilikuwa na mashine hizo. Ilizifungia ili sisi tuive.

Mimi nilikuwa nimeshauza kengele kumi na nane. Reli mbili, maghala, minara ya upepo, daraja la Mto Ruvu la pili. Na moja ambayo sikukusudia: siku niliyompata dada yangu baada ya kumtafuta miaka ishirini na sita. Nilikuwa na kibuyu cha reli nyuma ya sikio, na kibuyu hakichagui. Nilimwona anafungua mlango, nikaona ananinyooshea mikono. Nikamwambia hujambo, nikaomba maji. Alinitazama siku tatu akisubiri nilie. Siku ya nne nikaondoka, na tangu hapo nikawa sikai mahali.

"Sikiliza," Shekue akasema, akakaa juu ya jiwe bila kuangalia kama lina mchwa. "Sikuja kukurudisha kwa nguvu. Nimekuja kukuomba."

"Omba huku tunatembea."

"Nikitembea nitatapika."

Basi nikasimama. Nilikuwa nimeshindwa tayari.

*

Lazima niseme kwa nini kazi ilisimama miezi mitano, maana si mwamba uliotushinda.

Wafanyakazi si wajinga. Walipoona kila kengele inakwenda pwani, wakaanza kubakiza. Ukijenga nyumba unaacha bati moja. Ukishona gauni la harusi unaacha kifungo. Kibuyu kinasubiri, kengele hailii, na kampuni haiwezi kusema umegoma, kwa sababu kesho utalipiga hilo bati, inshallah. Nimepita miji ambayo kila nyumba imebakiza bati moja. Mvua ikinyesha watu wanahamisha ndoo na vitanda, wanacheka, wanasema angalau kengele ni yetu. Sikupata kumuuliza hata mmoja wao: imelia lini?

Sisi tulibakiza kizingiti. Mfereji wote ulikuwa tayari isipokuwa ukuta wa mwamba wa dhiraa moja pale juu, kati ya bwawa na mdomo wa mfereji. Siku tatu za kazi kwa watu ishirini na wawili. Nakiete, msimamizi wetu, aliamuru patasi zikusanywe, na tukakaa. Tulicheza bao. Tulipika. Tuligombana juu ya chumvi. Kila mtu aliamka asubuhi, akaenda kukitazama kizingiti, akarudi kulala. Mwezi wa kwanza niliona raha. Mwezi wa tatu nilikuwa natembea usiku na mchana kando ya mfereji mkavu, maili kumi na nne kushuka, maili kumi na nne kupanda, mpaka Mchome, mtani wa kambi, akaniuliza kama nimetumwa kuupima kwa visigino.

Mwezi wa tano nikafunga mzigo.

"Kivunje wewe," Shekue akasema.

"Nini?"

"Kizingiti. Wewe peke yako. Kengele yako imechakaa, Mzee, kipimo changu kiliipima siku ulipokuja, kikasoma sifuri. Huna cha kupoteza. Unapanda, unavunja, maji yanashuka. Wengine wakisikia tu maji yanapita, kwao itakuwa wamefika."

"Na vibuyu vyao?"

Akaangalia viatu vyake vizuri. "Vitajaa."

"Miaka kumi na moja ya Nakiete kwenye mwamba huu."

"Na Ngoyoni watakunywa maji! Hilo hulisemi. Mnalinda kengele huku watu wanakunywa tope. Na mimi kampuni inaniuliza kila wiki, inaniuliza kama mimi ndiye ninayekula huo mwamba."

"Wewe ungependa afanyiwe hivyo dada yako?"

"Mimi niliuza harusi yangu," Shekue akasema taratibu. "Na kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza. Nilikuwa kijana, nilitaka kazi hii. Picha ninazo. Naziangalia kama harusi ya jirani. Usidhani sijui ninachokuomba."

Niliweka mzigo sawa, nikashuka. Safari hii hakunifuata.

*

Niliingia Ngoyoni jua likiwa utosini. Sikutaka kukaa, nilitaka kupita. Lakini ilibidi nipite kisimani, na kisimani kulikuwa na mwanamke wa rika langu aliyeshuka mpaka kiunoni ndani ya shimo, anakwangua maji kwa bakuli la bati. Akikwangua anasubiri, akisubiri anaimba kidogo kwa pua, halafu anakwangua tena.

"Wewe umetoka juu," akasema bila kunyanyua kichwa. "Makubazi yana unga wa mwamba."

"Nimetoka juu, dada."

"Mwanangu Nakiete hajambo?"

Kumbe ndiye Bibi Nankondo. Nakiete alikuwa akimtaja kila siku kama mtu anavyotaja mahali.

"Hajambo. Ananenepa."

"Ananenepa? Mchonga mwamba?" Akacheka, akanipa mkono nimvute. Alikuwa mwepesi kama kikapu. "Wanasema umebaki mkono mmoja wa mwamba. Mkono mmoja tangu Februari! Mwamba gani huo, unaota?"

Niligeuza macho kando. Ndipo nikaona mikokoteni. Ilikuwa imepangwa barabarani, sita, imefungwa vitanda, masufuria, milango iliyong'olewa pamoja na bawaba zake.

"Jumamosi," akasema. "Kijiji chote. Nyumba kumi na mbili zimeshatangulia. Serikali imetupa eneo kule ng'ambo ya reli, wanasema lina bomba. Hiki kisima hakifiki wiki ijayo."

"Nakiete anajua?"

"Hajui, na wewe usimwambie."

"Bibi!"

"Usiniite bibi, tunalingana. Sikiliza, kaka. Siku alipopanda huko juu aliniambia, mama, nikimaliza nataka niisikie mwenyewe. Kitu kimoja tu maishani nataka nikisikie mwenyewe. Aliolewa akaachwa, alizaa akazika. Sasa nimwambie Jumamosi? Ataharakisha, atavunja kwa hofu, na wale watu wa pwani watamnywa. Bora tuhame. Mfereji atakuwa nao pale, atamaliza akitaka."

"Mfereji utapeleka maji kwenye nyumba tupu."

"Basi yatanywewa na punda waliobaki." Akalitazama bakuli lake. Ndani kulikuwa na vidole viwili vya maji ya rangi ya chai. Akaninyooshea. "Kunywa, umetembea."

Nilikunywa. Sikuweza kukataa. Mtu aliyenipa maji hayo alikuwa ametumia saa nzima kuyapata. Nilishika njia ya kupanda na usiku huo nililala nusu ya mlima, nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

*

Jumatano asubuhi na mapema nilikuwa mbele ya kizingiti. Kambi ilikuwa bado inanuka moshi wa uji, hakuna aliyetoka. Nilijua patasi zilipofichwa. Nikachukua yangu, ile yenye mpini niliouvisha ngozi, na nyundo.

Nitasema kweli. Nilikwenda kufanya alichoniomba Shekue. Nilijiambia, watu wanywe, kengele ni kengele tu, mimi nimeishi bila kumi na nane. Nikapiga.

Pigo la kwanza mkono ulishtuka, miezi mitano si mchezo. La tano ukakumbuka. La ishirini nikawa nimeshaupata mshipa wa mwamba, ule mstari wa kijivu ambao ukiufuata jiwe linajitoa lenyewe kwa vigae vyembamba kama samaki aliyekaushwa. Vumbi lilinuka kama radi. Jua likanipiga shingoni. Niligundua kwamba napiga mluzi. Mimi, ambaye miezi mitano sikuweza kukaa kwenye kigoda mpaka uji upoe, nilikuwa nimepiga magoti sehemu moja na sitaki kuinuka.

Nikapeleka kidole nyuma ya sikio. Kibuyu kilikuwa baridi. Kimekaa pale, kidogo, kikavu, kinasubiri kengele, na mimi kifua kimejaa mpaka shingoni, na hakisikii kitu.

Nilikaa chini. Nilikumbuka reli, taruma moja baada ya jingine, wimbo wa kufunga misumari ambao mpaka leo naujua wote. Nilikumbuka miaka ile ishirini na sita, vituo nilivyoshukia, akina mama niliowauliza umemwona mwanamke mwenye kovu hapa, chai walizonipa. Hizo zote nilikuwa nazo. Hazikuguswa. Walichukua mlango unaofunguliwa, njia yote hawakuiona kama ni mali.

"Babu! Weka chini hiyo patasi!"

Nakiete alikuwa amesimama juu ya ukingo, kanga kiunoni, sufuria mkononi kama silaha. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mabega ya mchukuzi. Nyuma yake Mchome, na nyuma ya Mchome kambi nzima.

"Umepewa nini?" akasema. "Shekue amekupa nini?"

"Hajanipa kitu."

"Nilikukaribisha. Nilikupa nafasi ya marehemu kaka yangu kwenye mstari. Halafu unatuvizia asubuhi kama fisi?"

"Mama yako anahama Jumamosi."

Alishusha sufuria. Nikamweleza yote: kisima, mikokoteni, milango yenye bawaba, na kwamba mama alinikataza. Wakati nasema, uso wake ulipitia kila hali, mwishowe ukabaki na hasira tu, maana hiyo ndiyo aliyoizoea.

"Kwa hiyo nichague," akasema. "Nivunje leo, waninywe, mama abaki. Au nikae na changu, na kijiji kife. Ndiyo uliyoniletea asubuhi yote hii?"

"Kuna ya tatu, lakini siijui vizuri. Njoo upige."

"Nipige nini?"

"Mwamba. Mapigo kumi. Halafu ushike kibuyu chako."

Alinitazama kama unavyomtazama mzee aliyeanza kupotea. Lakini mkono wake ulishaanza kunyooka kuelekea kwenye patasi. Nilikuwa nimeona mikono ya wote ikifanya vile kwa miezi mitano, wakishika miiko, wakishika fito, wakitafuta uzito. Akapiga magoti. Alipiga si kumi, ni kama sitini. Alipoacha alikuwa anatweta, meno nje. Akagusa nyuma ya sikio.

"Baridi," akasema.

"Na kifua?"

Alifuta jasho. "Lakini ile dhiraa ikiisha italia, Babu. Mimi najijua. Nimeisubiri mno."

"Basi tusiimalize."

Mchome akacheka kwa sauti. "Miezi mitano hatujaimaliza, mzee, hilo tunaliweza sana!"

"Tuchonge mpaka ibaki unene wa kiganja, ianze kutoa jasho. Tuache hapo. Maji yenyewe yatamalizia, kwa saa yao. Sisi tutakuwa tumeshuka, tunachonga tawi la kwenda mashambani. Hatujui kimevunjika saa ngapi. Hatukuvunja sisi, na mikononi tuna kazi nyingine."

Nakiete alikuwa ameshasahau kunikasirikia. Alikuwa anahesabu kwa macho. "Yakitoka kwa kishindo yatabeba ukingo wa Kona ya Mbuzi."

"Ndiyo."

"Tupange mawe mbele, safu tatu, yapunguze kasi. Na pale konani tuongeze shubiri mbili." Akageukia kambi. "Mmekaa mnatazama nini? Hii si sinema!"

*

Siku mbili zile ndizo nzuri kuliko zote nilizofanya kazi, na sina cha kuonyesha kwa hilo isipokuwa kusema. Chumvi haikugombaniwa. Mchome alitunga wimbo wa kutukana bwawa. Shekue alikuja, akasimama ukingoni na kipimo chake mkononi, akaona watu wanachonga, uso ukamng'aa. Akatupima mmoja mmoja, akasoma sifuri, sifuri, sifuri.

"Mnamaliza lini?" akauliza.

"Tunaanza," Nakiete akamwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: atakayesema kumaliza anapika wiki nzima.

Alhamisi mchana mwamba ulianza kutoa jasho. Tone moja, likakauka. Jingine. Mtu mmoja akavuta pumzi ndefu, Nakiete akampiga kofi la mgongo. "Chukua vyombo. Tunashuka."

Tulishuka bila kugeuka nyuma. Hilo lilikuwa gumu kuliko mwamba.

Ijumaa tangu asubuhi tulikuwa ukingoni mwa Ngoyoni, mahali mfereji ulipoishia, tunafungua tawi kuelekea mashamba ya mahindi yaliyokufa. Ardhi pale ni ngumu, changarawe iliyoshikana, inataka sururu kwanza. Watu wa kijiji walikuja kututazama. Walikuwa wanamalizia kufunga mikokoteni.

"Mnachimba nini tena?" mmoja akauliza. "Mfereji wenyewe mkavu, mnaupa mtoto?"

"Anataka kuzaa mapema," Mchome akamjibu. "Mwache."

Bibi Nankondo alikuja na bakuli lake, akamwona mwanawe, akasimama mbali kidogo. Hawakusalimiana kwa maneno. Nakiete alimtazama, akainama akaendelea. Nilijua alichokuwa anafanya. Kila akifikiri maji, anapiga. Kila akifikiri Jumamosi, anapiga.

Kama saa nane hivi nilisikia kitu kama mtu anayeburuta majani makavu. Kila mmoja alikisikia. Mapigo yakayumba.

"Piga!" Nakiete akapaza sauti. "Mchome, imba, ewe mtu, kazi yako ni nini?"

"Na nikiyaona?"

"Ukiyaona utoe mguu, usije ukalowesha suruali!"

Mchome akaimba, sauti imempasuka. Yakaja. Kwanza ulimi wa povu la kahawia, umebeba majani na mende, halafu maji, maji yenyewe, ya kijani, yanaingia kila shimo na kutoka. Yalipita miguuni petu. Nyuma yetu kijiji kikapiga yowe. Mtu alikuwa anafungua mkokoteni kwa panga. Nikasikia sauti ya Bibi Nankondo ikimwita mwanawe, jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, mara tatu.

Nakiete hakugeuka. Shingo ilikuwa imemsimama mishipa. Alipiga, akapiga, machozi na jasho vinadondoka kwenye changarawe, halafu akasema, bila kunitazama, kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kisimwagike:

"Babu. Upana wa tawi hili ni shubiri ngapi?"

"Tatu."

"Tufanye nne."

"Nne itachukua mwaka mzima."

"Ndiyo," akasema, na akacheka, kicheko cha chini, cha tumboni, huku anapiga.

Hapo ndipo mimi nilipogeuka. Nilitaka kuona tu. Mimi kengele yangu imechakaa, kipimo kimesema. Nikamwona Bibi Nankondo ameliweka bakuli ukingoni, kwa uangalifu, kama mtu anayeacha viatu mlangoni, akaingia mfereji mzima mzima na nguo zake, akakaa. Maji yakamfika kwapani. Akaanza kujimwagia kichwani kwa mikono miwili, anaimba kwa pua. Nikafungua mdomo nicheke.

Kisha mdomo ulikuwa wazi, na sikukumbuka nilitaka kuutumia kwa kazi gani. Palikuwa na mwanamke mzee amekaa kwenye maji. Ilikuwa Ijumaa. Nyuma ya sikio langu paliuma na kulikuwa na uzito, kama mtu amening'iniza risasi.

*

Jumatatu Shekue alitupima. Vibuyu ishirini na kimoja vilikuwa vitupu, vyepesi kama maganda ya karanga. Kimoja kilikuwa kimejaa kuliko chochote alichowahi kushika. Alikitoa, akanipa nikipime mkononi kabla hajakifunga kwenye sanduku. Nilikishika kwa muda. Ningeweza kukirusha majini na hakuna ambaye angenizuia, hata yeye. Nikamrudishia. Mkataba ulisema kazi imekwisha maji yakifika, na maji yalikuwa yamefika. Haukusema mtu lazima afurahi.

Kampuni ilituma watu wawili kuchunguza. Walikaa wiki, wakaandika kwamba eneo hilo halina rutuba ya kengele, wakaondoka.

Kibuyu changu kilinunuliwa na mtu wa pwani ambaye jina lake sikuambiwa. Shekue alisikia kwamba alilia siku mbili na kuulizia kama kuna kingine.

Shekue aliacha kazi mwaka uliofuata. Anauza miche ya migomba Same. Alipata mtoto wa pili, wa kike, na alikuwepo chumbani alipozaliwa.

Ngoyoni haikuhama. Nyumba saba kati ya zile kumi na mbili zilirudi. Milango ilirudishwa, miwili ikawekwa kichwa chini na hakuna aliyeihangaikia.

Mchome alisema neno "kumaliza" siku ya Jumapili na alipika wiki nzima. Chakula kilikuwa kibaya. Alioa Ngoyoni.

Bibi Nankondo alikunywa maji ya mfereji miaka minne, akafariki kwa uzee. Bakuli lake linatumika kwenye harusi kugawia sukari.

Nakiete anachonga tawi la sita. Nilimuuliza kama ile kengele aliyotaka kuisikia aliisikia au aliikosa. Alisema hajui. Alisema kwamba kila asubuhi anaamka akitaka kwenda kazini, na kwamba akinywa maji ya pale wakati mwingine inamlazimu akae chini kidogo.

Mimi nilikaa Ngoyoni mpaka Nakiete alipoanza tawi hilo la sita. Nikaondoka kuelekea magharibi, kwa dada yangu, kwa miguu. Nimebakiza kama siku tisini. Sina kibuyu. Jana nilivuka mto nisioujua jina, maji yalikuwa magotini, na mzee mwenzangu upande wa pili alinipa muhogo wa kuchoma.